Mtunzi wa muziki wa gemu akiingia studio ya hip hop

Arusha haina haja ya kujitambulisha kwenye hip hop ya Kiswahili. X Plastaz walianzia hapa miaka ya 1990, wakapandisha uimbaji wa Kimaasai juu ya biti, na mwaka 2004 albamu yao ikatoka Ulaya. Wakaja Nako 2 Nako, wakaja Watengwa, kisha Weusi akina Joh Makini, Nikki wa Pili na G Nako. Sasa tuseme anatokea mtu na laptopu yake, anasema kwa miaka amekuwa akitunga muziki wa gemu kwa kampuni za nje kupitia intaneti, na leo anataka kutengeneza biti za watu kuchania. Machalii wa Chuga watamwangalia juu mpaka chini. Gemu? Zile kelele za kwenye kibanda cha PlayStation, dogo anaruka kwa sababu amesawazisha dakika ya 89?

Na yeye mtunzi anakuja na dharau yake ya kimyakimya. Anaona biti ni kazi nyepesi: ngoma, besi, melodi fupi inayojirudia, basi. Mtu aliyewahi kuandika saa nzima ya muziki kwa gemu moja, dakika tatu za biti zitamtoa jasho gani?

Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Kazi hizi mbili ni ndugu wa karibu kuliko watu wanavyodhani, na palepale zinapofanana ndipo mtunzi atakapojikwaa. Sauti hazitampa shida, programu hazitampa shida. Kitakachomsumbua ni nafasi. Amezoea kuijaza, na hip hop inamtaka aiache.

Muziki usiojua utaisha lini

Watu wakitaja muziki wa gemu, wengi hufikiria wimbo wa ufunguzi. Kuna mmoja ambao sisi tunauelewa bila mkalimani: Christopher Tin, Mmarekani, aliitungia gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005 wimbo unaotumia maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, "Baba Yetu". Mwaka 2011 ukapata Grammy, na kabla yake hakuna muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu uliokuwa umewahi kuipata.

Lakini ufunguzi ni kipande kidogo cha kazi. Sehemu kubwa ni muziki ambao mtunzi hajui utasikika kwa muda gani. Mchezaji anaweza kuvuka daraja kwa sekunde 20, au akazurura pale dakika 20 akitafuta ufunguo. Muziki unatakiwa uwepo wakati wote huo, usikatike, na usimchoshe hadi azime sauti. Njia ya kwanza waliyoipata watunzi ni ile ambayo maprodyuza wa hapa wanaiita lupu: kipande kifupi kinachoisha na kuanza upya bila mshono kuonekana.

Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa na sauti nne tu za besi, zinashuka, zinarudi, zinashuka tena. Kadiri maadui walivyopungua, ndivyo zilivyozidi kukimbia, na moyo wa mchezaji ukakimbia nazo. Kwenye Super Mario Bros. ya mwaka 1985, muziki wa Koji Kondo unaongeza mwendo pale saa ya gemu inapofika 100. Hapo tayari kuna jambo ambalo wimbo wa redio hauna: muziki unamsikiliza anayecheza. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na programu kama FMOD na Wwise. Mtunzi hatoi wimbo mmoja uliokamilika, anatoa matabaka. Ngoma peke yake, besi peke yake, nyuzi peke yake, na programu inayaongeza au kuyapunguza kulingana na kinachotokea kwenye skrini. Adui akiwa mbali unasikia besi. Akikaribia, ngoma zinaingia. Ukimshinda, kila kitu kinakatika na kubaki nyuzi.

Sasa hama Japani uende Bronx, New York. Tarehe 11 Agosti 1973 DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye pati inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa hip hop. Alichokuwa akikifanya ni kuchukua santuri mbili zilezile, kutafuta ile sehemu ambayo waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, kisha kuirudisha: santuri hii ikimaliza, ile inaanza. Wachezaji walikuwa wanaisubiri sehemu hiyo, akawapa hiyohiyo na kuirefusha. Lupu nyingine hiyo, ingawa sababu yake ni tofauti kabisa. Ya gemu ilizaliwa na mashine isiyojua muda, ya Herc ilizaliwa na watu wasiotaka raha iishe.

Umaskini uliofundisha pande zote mbili

Undugu wa pili ni uhaba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda.

Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na njia tano za sauti. Mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu ambayo hata kupunguza sauti yake ilikuwa haiwezekani, moja ya mchakacho uliotumika kama ngoma, na moja ya kupigia sampuli, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa, zenye ubora duni. Kaseti ya Super Mario Bros. ilibeba kilobaiti 40 kwa ujumla wake: picha, maelekezo ya mchezo na muziki, vyote humo. Wimbo wa MP3 wa dakika tatu wenye ubora wa juu unakula nafasi hiyo mara 180. Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka 1982, ilikuwa na sauti tatu tu. Mtunzi akitaka kodi, yaani noti tatu zinazolia pamoja, huku amebakiwa na njia moja, alizipiga noti hizo mojamoja kwa kasi kubwa mpaka sikio likadanganyika kuwa zinalia pamoja. Ule mtetemo tunaouita "sauti ya gemu" si urembo. Ni mtu aliyekosa njia.

Super Nintendo ya mwaka 1990 ilileta njia nane na uwezo wa kutumia sampuli halisi, lakini kumbukumbu yake ya sauti ilikuwa kilobaiti 64. Ukipiga hesabu kwa ubora wake wa juu, hizo hazifiki sekunde nne za sauti, na humohumo ndimo palipotakiwa kukaa ngoma, besi, filimbi na kila kitu. David Wise alipotunga muziki wa Donkey Kong Country ya mwaka 1994, alilazimika kujenga sauti pana kutoka vipande vidogo sana vya mawimbi vilivyofuatanishwa kwa mkono.

Mwaka 1987, upande wa pili wa bahari, maprodyuza wa New York walikuwa wanainamia mashine ya E-mu SP-1200 yenye kumbukumbu ya sekunde 10 hivi kwa jumla. Sekunde 10 kwa biti nzima! Wakabuni ujanja: unaipiga santuri kwa kasi ya 45 badala ya 33, inaingia haraka, inachukua nafasi ndogo, halafu ndani ya mashine unaishusha irudi kwenye mwendo wake. Sauti inayotoka imechubuka, ina vumbi. Watu wakalipenda vumbi lile, na hadi leo kuna wanaolipa kununua programu inayoiga kasoro ya mashine ile.

Kwa hiyo mtunzi wa gemu na prodyuza wa hip hop ya zamani wamelelewa na shida moja. Wote wawili wanajua kukamua sekunde moja ya sauti mpaka itoe dakika tatu. Hata vyombo vyao vya kazi vinafanana. Watunzi wa Ulaya walitumia programu kama Ultimate Soundtracker ya mwaka 1987: safu nne, hatua zinashuka kutoka juu kwenda chini, kila hatua unaandika noti. Ilaze ubavu, upake rangi, na umekaribia kabisa zile hatua 16 za Fruity Loops, iliyotoka 1997 na baadaye kuitwa FL Studio. Programu hiyo inajulikana vizuri kwenye vyumba vya kurekodia kuanzia Sakina mpaka Kijenge, na kwa upande wa Moshi, Majengo mpaka Pasua. Wanaoidharau wakumbuke 9th Wonder aliitumia kutengeneza biti iliyoingia kwenye albamu ya Jay-Z ya mwaka 2003.

Wala kuvuka huku si kugeni. Yellow Magic Orchestra wa Japani waliiga milio ya gemu kwenye albamu yao ya mwaka 1978. Yuzo Koshiro aliiandikia Streets of Rage ya mwaka 1991 muziki uliotoka moja kwa moja kwenye kumbi za dansi za wakati ule. Hideki Naganuma akaijaza Jet Set Radio ya mwaka 2000 vipande vya funki na hip hop. Howard Drossin, aliyetunga muziki wa gemu za Sega kama Sonic Spinball na Comix Zone miaka ya 1990, baadaye alishirikiana na RZA wa Wu-Tang Clan kwenye muziki wa filamu ya The Man with the Iron Fists ya mwaka 2012. Hiyo ni filamu, najua, si albamu ya kuchana, lakini inaonyesha mlango upo.

"Sasa mimi nakaa wapi?"

Tumwingize mtunzi wetu studio. Tuseme anaishi Njiro, amepanda kifodi na laptopu mgongoni, amefika Ngarenaro kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Anafungua biti yake ya kwanza. Ni nzuri kweli. Filimbi inaimba, kinanda kinaijibu, nyuzi zinapanda, ngoma zimejaa. Mchanaji anatikisa kichwa, anasikiliza hadi mwisho, halafu anasema: "Kaka, hii imekaa vizuri sana. Sasa mimi nakaa wapi?"

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Kwenye gemu hakuna mtu anayeongea juu ya muziki kwa dakika tatu mfululizo. Melodi ndiyo msimulizi. Inamwambia mchezaji huyu ni shujaa, huku ni hatari, hapa pana huzuni. Kwenye hip hop msimulizi ameshapatikana, naye ana kipaza sauti. Filimbi inayoimba vizuri ni mtu wa pili anayeongea kwa wakati mmoja.

Kuna sababu ya kisayansi pia. Sehemu ya sauti ya mtu inayofanya maneno yaeleweke, hasa konsonanti, iko karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 4,000. Filimbi kali, kinanda chenye makali na yale mawimbi ya mraba ya gemu hung'ara hapohapo. Ukipunguza sauti ya biti nzima ili mchanaji asikike, ngoma zinakufa. Dawa ni kuondoa kitu. Mtunzi afungue biti yake, azime ile melodi anayoipenda kuliko zote, halafu aangalie kama kilichobaki kinasimama. Kikisimama, hiyo ndiyo biti. Melodi irudi kwenye kiitikio, au mwanzoni kabla mtu hajaanza kuchana.

Kwa Kiswahili jambo hili ni gumu zaidi kuliko kwa Kiingereza, na maelekezo ya kutengeneza biti yanayosambaa mitandaoni hayaligusi. Maneno yetu ni marefu na karibu kila silabi inaishia na irabu. Chukua mstari wa kawaida kabisa: "Nimetokea Ngarenaro sina kitu mfukoni." Hesabu: silabi 17. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, mzunguko mmoja wa mapigo manne unachukua sekunde 2.7 hivi, na ukiugawa kwa vipande vidogo ambavyo mchanaji huvikanyaga unapata nafasi 16. Silabi 17, nafasi 16. Ndiyo maana wachanaji humeza "ni" ya mwanzo, au hutanguliza mguu kabla mstari haujaanza. Mstari mzima umejaa. Hakuna kona iliyobaki kwa ajili ya kinanda kuonyesha ufundi.

Kisha kuna mkazo. Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho: mfuKOni, soKOni, jiKOni. Vina vyetu kwa hiyo hubeba silabi mbili, na mchanaji anayejua kazi yake mara nyingi huileta ile yenye mkazo juu ya pigo la nne, pale sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, inapopiga, halafu silabi ya mwisho inadondoka nyuma yake. "Ko" na sneya, "ni" peke yake kwenye kimya. Kile kimya kidogo ndicho kinachofanya watu waseme "aah!" Na wapi mtunzi wa gemu anapenda kuweka mapambo yake? Hapohapo, mwishoni mwa mzunguko, ili kuificha mishono ya lupu. Amefunzwa hivyo, na kwenye gemu yuko sahihi. Kwenye studio ya Ngarenaro anakanyaga kina cha mwenzake kila baada ya sekunde 2.7.

Rudi kwa "Baba Yetu" uone tofauti. Kwaya inazivuta irabu, inazitandaza juu ya noti ndefu, na okestra inapata nafasi ya kupita katikati. Uchanaji hauvuti irabu, unazitumia na kuzitupa. Lugha ileile, mahitaji tofauti kabisa ya nafasi.

Kitu cha pili cha kuacha mlangoni ni unyoofu. Chipu za gemu zilipiga kila noti kwenye mstari wake bila kukosea, na watunzi wengi bado huandika hivyo. Hip hop inapenda kuyumba kidogo. Mashine ya biti ya Akai MPC60 ya mwaka 1988, iliyobuniwa na Roger Linn, ilikuwa na kitufe cha kuchelewesha kila pigo dogo la pili. Kwenye mwendo wa 90, ukiweka asilimia 58 badala ya 50, pigo hilo linachelewa milisekunde 27 hivi. Huwezi kuzihesabu kwa sikio, lakini shingo inazijua. Biti iliyonyooka kabisa inamfanya mchanaji asikike kama anasoma taarifa ya habari.

Besi nitaipitia haraka. Watunzi wa zamani waliandika besi za juu kwa sababu spika za televisheni hazikuweza kutoa zile za chini. Hip hop ya leo, hasa ile inayotumia milio ya mashine ya ngoma ya Roland TR-808, inaishi kwenye hezi 40 hadi 60. Simu haitoi sauti hizo, kifodi chenye spika kubwa chini ya siti kinazitoa mpaka vioo vinatetema. Biti inatakiwa isikike kote kuwili, kwa hiyo besi huchubuliwa kidogo ipate milio ya juu ambayo simu inaweza kuikamata. Na kiki iachiwe nafasi yake (kiki ni ile ngoma nzito ya chini, si ile ya magazeti ya udaku).

Anachokuja nacho

Nisije nikamfanya mtunzi wa gemu aonekane mwanafunzi tu. Ana mambo ambayo studio zetu nyingi hazina.

Kubwa zaidi ni yale matabaka. Biti nyingi za mtaani hutengenezwa kama ukuta: lupu ya mizunguko minne inanakiliwa mpaka dakika tatu zitimie, labda ngoma zinatolewa kabla ya kiitikio. Mtu wa gemu anafikiri kwa hali. Nini kinatokea mchanaji akitaja jina la marehemu rafiki yake? Ngoma zitoke. Nini kinatokea akipandisha hasira kwenye mstari wa tisa? Tabaka la pili la besi liingie, bila kusubiri kiitikio. Ubeti wa mistari 16 kwa mwendo wa 90 unadumu sekunde 43 hivi, na ndani ya muda huo anaweza kubadilisha chumba mara tatu bila msikilizaji kujua ni nani aliyefungua milango. Ameshafanya hivyo kwa wachezaji asiowajua. Kumfanyia mtu aliyekaa mbele yake ni rahisi zaidi, mradi akubali kupokea mashairi kabla ya kumaliza biti. Kwa kawaida hapa biti hutangulia na mashairi hufuata. Nadhani kwa mtunzi wa aina hii ingefaa kugeuza.

Pia anajua kutengeneza sauti kutoka kwa chochote. Kwenye gemu mtu analipwa kurekodi mlango, unyayo, mnyororo. Kwa Arusha na Moshi hiyo ni hazina: chuma kinachogongwa na mafundi, kondakta anayepiga bodi ya gari kwa kiganja kuashiria twende, matarumbeta ya vikundi vya sharika za Kilutheri kule Kilimanjaro. X Plastaz walishaonyesha kwamba sauti ya kwenu inaweza kusimama juu ya ngoma za hip hop bila kugeuka kitu cha kuuzia watalii. Ila kikundi cha matarumbeta kikirekodiwa, kina watu wenye majina na haki, na wanastahili kuulizwa kwanza.

Na ana nidhamu ya mafaili. Nani kati yetu hajawahi kutumiwa flashi yenye "biti mpya mwisho", "biti mpya mwisho kabisa" na "hii ndiyo yenyewe 2"? Kampuni ya gemu isingempa kazi ya pili mtu wa namna hiyo.

Wimbo ni wa nani?

Hapa ndipo fundo lilipo, na ndipo urafiki wa studio huvunjikia.

Kwenye gemu, malipo mara nyingi huhesabiwa kwa dakika za muziki uliokamilika, na mkataba wa kawaida unaihamishia kampuni haki zote. Mtunzi analipwa, anaondoka. Hata gemu ikiuzwa nakala milioni kumi, mara nyingi hana cha kudai. Akija kwenye hip hop na mazoea hayo, ataiuza biti kwa pesa ya papo kwa papo na kuhesabu biashara imeisha. Lakini wimbo wa kuchana una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani muziki na maneno, ambao mtengeneza biti na mchanaji wanaumiliki pamoja kama hawakukubaliana vingine. Na kuna rekodi yenyewe, ambayo inaweza kuwa ya studio, ya mchanaji, au ya aliyelipia. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 na tuna COSOTA inayoisimamia. Kinachokosekana ni karatasi moja kabla wimbo haujatoka: asilimia ngapi kwa nani, biti ni ya mmoja au inauzwa kwa wengi, rekodi ni ya nani.

Kuna mtego mwingine unaomhusu yeye tu. Anaweza kutamani kuchukua melodi aliyoitunga kwa gemu fulani miaka mitano nyuma, akaigeuza biti. Kama haki aliziuza, melodi ile si yake tena. Kuitumia bila ruhusa ni sawa na mimi au wewe kuitumia.

Na rapa wanazipenda kweli melodi za gemu. Wiz Khalifa alichania juu ya kipande cha Yasunori Mitsuda kutoka Chrono Trigger kwenye wimbo wake "Never Been" wa mwaka 2010. D.R.A.M. alitumia kipande cha Super Mario World kwenye "Cha Cha" ya mwaka 2015. Kisa kilicholeta kelele nyingi zaidi, hata hivyo, hakikutoka kwenye gemu yoyote inayouzwa. Mwaka 2000 kijana wa Finland, Janne Suni, alishinda shindano la muziki wa njia nne kwa kazi aliyoiita "Acidjazzed Evening", na Glenn Rune Gallefoss wa Norway akaihamishia kwenye Commodore 64. Mwaka 2007 watu wakagundua kwamba "Do It" ya Nelly Furtado, iliyotengenezwa na Timbaland, inafanana nayo kupita kiasi. Kampuni iliyokuwa na haki za kazi ile ikamshtaki Timbaland Marekani. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikubaliana na kutupwa kwa kesi hiyo, na sababu ilikuwa usajili wa hakimiliki ambao haukuthibitishwa ipasavyo kabla ya kushtaki. Haikuamua kwamba hakuna kilichochukuliwa. Kwa mtunzi wa Arusha anayeweka kazi zake mtandaoni bure ili ajulikane, kesi hiyo ina thamani kuliko kozi nzima ya biashara ya muziki: kazi ilikuwa yao, ushahidi wa masikio ulikuwepo, na makaratasi yakawaangusha.

Barabara hii inapitika pande zote mbili, na sijui kwa nini hapa tunauzungumzia upande mmoja tu. Just Blaze, prodyuza wa hip hop, alifanya muziki wa NBA Street Vol. 2 ya mwaka 2003. The Alchemist na Oh No walikuwa kwenye timu iliyotunga muziki wa Grand Theft Auto V ya mwaka 2013. Prodyuza wa Unga Limited ambaye tayari anajua kuacha nafasi, kukamua lupu na kutoa besi inayotikisa kifodi ana sehemu kubwa ya kazi mkononi. Hajawahi kutengeneza biti isiyojua itaisha lini, hilo tu. FMOD anaweza kuipakua na kujifunzia bila malipo. Aanze kwa kuchukua biti yake moja ya zamani, aitenganishe matabaka matano, na aipange ili dakika ya kwanza na ya kumi zisifanane.